Jihadharini na Pange Mvua Zinapoanza

Mvua za Machi zinaposhuka na uwanda wa Kano kuanza kutota maji, mkulima hufurahi kwa kuwa nyasi zitamea. Lakini wakati uo huo adui wa ng'ombe wake hutoka matopeni. Adui huyo ni pange, nzi mkubwa mwenye macho yang'aayo, aumaye mchana wa jua kali. Wakazi wa Manyatta na wa ukingo wote wa ziwa wasimchanganye na vile vijidudu vipaavyo kama moshi juu ya maji, maana hivyo haviumi.

Aumaye ni jike peke yake. Dume hujilisha utamu wa maua. Jike huhitaji damu ili mayai yake yapevuke, kisha huyataga juu ya majani yaliyoinamia maji au tope. Funza watokao humo huishi katika udongo mbichi kwa miezi mingi kabla ya kugeuka kuwa nzi. Ndiyo sababu wafugaji walio karibu na mafunjo na madimbwi husumbuliwa zaidi.

Je, hasara ni maumivu tu? La. Mdomo wa pange hukata ngozi kama kisu. Ng'ombe hupiga mkia, na pange huruka kabla hajashiba, akaenda kumalizia karamu yake kwa ng'ombe wa pili, hali damu ya kwanza ingali mdomoni. Kwa njia hiyo aweza kuhamisha vijidudu vya nagana hata mahali pasipo na mbung'o. Aina moja ya vijidudu hivyo ilivuka bahari pamoja na ng'ombe wa Afrika, nayo imeenea Amerika ya Kusini, ambako mbung'o hayuko kabisa. Basi mfugaji asiseme, "Kwetu hakuna mbung'o, hii haiwezi kuwa nagana."

Tufanyeje? Damu iliyo mdomoni mwa pange hupoteza hatari yake upesi. Kwa hiyo mnyama mgonjwa na atengwe mbali na wenzake. Tena pange hapendi kuingia mahali penye giza. Saa za jua kali ng'ombe wapumzishwe bandani, wakachungwe asubuhi na jioni. Ng'ombe akikonda, manyoya yakisimama na ufizi ukipauka, aitwe Bwana Mifugo apime damu kabla ya kuchoma sindano. Mwenye ng'ombe mmoja wa kukamua na wawili wa kulimia hana wa kupoteza, maana katika hao imo karo ya watoto wake.