Nzige na Mavuno ya Isiolo

Mvua ya Isiolo ni haba, na wengi wa wenyeji wake ni wafugaji. Wanaolima hupendelea kandokando ya mito. Mwishoni mwa Desemba 2019 nzige wa jangwani waliingia Kenya, na Januari 2020 walikuwa wamekwisha fika Isiolo. Nzige mmoja hula gramu 2 tu kwa siku. Lakini Shirika la Chakula na Kilimo, lenye makao yake Roma, Italia, lasema kwamba kundi la kilomita 1 ya mraba hula chakula cha watu 35,000. Mkulima hukosa nafaka, na mfugaji hukosa malisho. Basi aonaye tunutu na apeleke habari kwa chifu upesi, kwani wasioota mabawa huangamizwa kwa urahisi zaidi.