Matarishi katika Ubongo wa Nyuki



Kitabu chetu hiki cha mwaka hujaa habari za harusi, watoto waliozaliwa na wazee waliotutoka. Safari hii nimeomba ukurasa mmoja wa elimu, na niliyemchagua ni nyuki. Habari za asali kila mtu azijua. Ninalotaka kueleza ni vipi mdudu huyu hujifunza harufu na kuikumbuka, na ni kitu gani siku hizi kinamharibia masomo yake.

Ubongo wa nyuki haufiki ukubwa wa punje ya mtama. Seli zake za neva hazifiki 1,000,000, ilhali zetu sisi wanadamu zinakisiwa kuwa kiasi cha milioni 86,000. Pua yake ni vile vipapasio viwili vya kichwani. Kutoka huko habari ya harufu huingia ubongoni katika vifundo vidogo vipatavyo 160, kisha huendelea mpaka sehemu mbili zenye umbo la uyoga, ambazo mtaalamu wa Kifaransa Félix Dujardin alizieleza mwaka 1850. Humo ndimo zinamotunzwa kumbukumbu nyingi za harufu.

Baina ya neva na neva pana mwanya mdogo sana. Neva ya kwanza humwaga kemikali katika mwanya huo, na neva ya pili huipokea. Kemikali hizi ni mithili ya matarishi wa ofisini: kila mmoja ana barua yake, na ana mlango wake wa kubisha.

Tarishi wa kwanza ni asetilikolini, aletaye habari ya harufu kutoka kwenye vipapasio. Wa pili ni gaba. Kazi yake ni kunyamazisha, kama kiranja anyamazishavyo darasa ili sauti ya anayesoma isikike. Mwaka 1997 wataalamu walionyesha kwamba gaba ikizuiwa, nyuki hushindwa kupambanua harufu mbili zinazokaribiana, ingawa zilizo mbalimbali bado azitambua.

Wa tatu ni oktopamini. Jina lake latokana na pweza, kwani Mtaliana Vittorio Erspamer aliieleza mwaka 1948 baada ya kuikuta katika tezi za mate za pweza. Kwa nyuki, huyu ndiye tarishi wa utamu.

Nyuki akiguswa kipapasio kwa maji ya sukari, hutoa ulimi. Akinusishwa harufu kwanza, na papo hapo akapewa sukari, hujifunza upesi mno: baada ya mara chache tu, harufu peke yake yatosha kumtoa ulimi. Mwaka 1993, mjini Berlin, Martin Hammer alifanya jaribio la ajabu. Alimnusisha nyuki harufu, lakini hakumpa sukari hata tone. Badala yake aliamsha kwa umeme mdogo neva moja tu, ile ipelekayo habari ya utamu. Baadaye nyuki aliitikia harufu ile kana kwamba alikuwa amelipwa sukari. Majaribio yake na Randolf Menzel, yaliyochapishwa mwaka 1998, yalionyesha kwamba oktopamini ikitiwa katika vile vifundo, au katika zile sehemu za uyoga, hushika nafasi ya sukari.

Sisi tuliosomesha, jambo moja hapo latuhusu. Neva ile ilipoamshwa kabla ya harufu, nyuki hakujifunza. Ilipoamshwa baada ya harufu, alijifunza. Wazazi nanyi mnaolea wajukuu, sifa na ifuate kazi njema papo kwa papo.

Kwa adhabu tarishi ni mwingine, naye ni dopamini. Mwaka 2007 ilibainika kwamba dopamini ikizuiwa, nyuki hawajifunzi kuikimbia harufu iliyofuatwa na maumivu, lakini oktopamini ikizuiwa bado hujifunza. Kumbe halua na kiboko havina tarishi mmoja!

Sasa nije kwenye msiba wenyewe. Ziko dawa za kuulia wadudu ziitwazo neonikotinoidi, ndugu wa nikotini ya tumbaku. Dawa hizi hubisha mlango ule ule wa asetilikolini. Tofauti ni kwamba asetilikolini ikisha kutoa habari huvunjwa mara moja, lakini sumu hii haivunjwi, hubaki mlangoni ikigonga. Ikiwa nyingi, humwua nyuki. Ikiwa kidogo, humpotezea masomo. Mwaka 2012 wataalamu wa Ufaransa wakiongozwa na Mikaël Henry waliwabandika nyuki vyombo vidogo vya kuwatambulisha, wakawapa moja ya dawa hizo kwa kipimo kisichoua. Baadhi yao walishindwa kurudi mzingani.

Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulikataza dawa tatu za jamii hiyo kutumika mashambani, isipokuwa ndani ya mabanda ya vioo. Huku Uingereza serikali iliruhusu moja yao kwa dharura, kwa ajili ya zao la viazisukari, mwaka 2022, 2023 na 2024. Ombi la mwaka 2025 lilikataliwa.

Wakulima nao wana hoja yao, kwani wadudu waharibifu ni hasara kweli. Lakini nyuki asiyekumbuka harufu ya ua hawezi kulirudia, na ua lisilorudiwa halizai tunda. Basi jamaa wenye bustani, mnaponunua miche ya maua, muulizeni muuzaji kama mbegu zake zilitiwa dawa hizi. Asipojua, nunueni kwa anayejua.