Gari la Mbio Lililoundwa Nyumbani
Mashindano ya kasi ya mstari mnyoofu, ambamo magari mawili hukimbia sambamba kwa robo maili, yaani takriban mita 402, huongozwa nchini Marekani na kanuni za chama cha NHRA kilichoundwa mwaka 1951, ambazo humruhusu fundi kujiundia gari nyumbani mradi likaguliwe. Gari linalomaliza chini ya sekunde 10 kwa kawaida hutakiwa kuwa na kizimba, yaani fremu ya mabomba ya chuma inayomkinga dereva likipinduka, na propela, yaani mhimili unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma, huzungushiwa pete ya chuma, kwani ikikatika upande wa mbele huweza kuchimba ardhi na kulirusha gari. Hata fundi wa kijiji cha Namawala, katika bonde la Kilombero nchini Tanzania, anayechomelea matela ya mpunga angeyamudu mabomba hayo. Shida yake ingekuwa kupata lami iliyonyooka, maana udongo wa bonde hilo, unaoufaa mpunga, huteleza mno masika.