Mtoto Mwenye Usonji na Madhara ya Kungoja

Mzazi mwenye wasiwasi juu ya mwanawe huambiwa mengi na jamaa zake kwa nia njema, lakini hakuna linalochelewesha msaada kama kuambiwa angoje, kwa kuwa watoto wa kiume huchelewa kusema, na hata baba yake alitimiza miaka mitatu ndipo akatamka neno, na Mungu akipenda ulimi wake nao utafunguka. Subira ni fadhila kubwa. Walakini katika jambo la usonji, miaka hiyo inayopotea kwa kungoja ndiyo ambayo ubongo wa mtoto huwa mwepesi zaidi kupokea mafunzo.

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, wala si laana, wala si kazi ya majini au mahasidi. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, ianzayo mapema mno maishani, nayo hudhihirika katika namna mtoto anavyohusiana na watu, anavyowasiliana, na anavyoshikilia mambo machache kwa kuyarudia. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza habari za watoto 11 wa hali hii mwaka 1943. Kisha wakazuka waliowatwika akina mama lawama, wakidai kuwa ubaridi wa mapenzi yao ndio chanzo. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha uchunguzi wa mapacha, wakaona kuwa miongoni mwa mapacha wa kufanana walikuwamo waliokuwa na usonji wote wawili, ilhali miongoni mwa wasiofanana hawakupatikana hata jozi moja. Ikawa bayana kwamba urithi una sehemu kubwa katika jambo hili, na mama hana hatia. Hata ile dhana kwamba chanjo ya surua huleta usonji, iliyoenezwa na makala ya mwaka 1998, ilibatilishwa na tafiti nyingi, na jarida lililoichapisha likaiondoa mwaka 2010.

Basi mzazi atazame nini? Mtoto aliyetimiza mwaka aghalabu hugeuka aitwapo jina lake, hupunga mkono wa kwaheri, na haupiti muda mrefu ila atamwona paka juu ya ukuta, amnyooshee kidole, kisha amgeukie mama yake usoni ili ahakikishe kuwa naye amemwona. Kutaka huko kushirikiana na mwingine katika jambo la kupendeza ndiko kunakostahili kuangaliwa kwa makini. Mtoto mwenye usonji huenda asinyooshe kidole kabisa. Akitaka maji humshika mama yake mkono na kuupeleka kwenye kikombe bila ya kumtazama. Huenda akaitwa mara nyingi asigeuke, ilhali mlio wa karatasi ya biskuti huusikia akiwa chumba cha pili. Wengine huzungusha gurudumu la gari la kuchezea saa nzima, hupunga viganja wanapofurahi, huziba masikio kwa kelele za mashine ya kusaga, au hukataa kila chakula ila kimoja. Dalili moja peke yake haitoshi kuhukumu. Lakini mtoto asiyekuwa na neno hata moja afikapo miezi 16, au asiyeunganisha maneno mawili afikapo miaka miwili, au aliyekuwa akisema kisha maneno yakampotea, apelekwe kwa daktari bila ya kuchelewa.

Huko kliniki, ambako aghalabu mtoto hupimwa uzito na kuchanjwa tu, mzazi na aseme wazi aliyoyaona, aombe masikio ya mtoto yapimwe, na aulizie daktari wa watoto mwenye ujuzi wa maendeleo ya mtoto. Mficha uchi hazai. Wala hana haja ya kungoja jina la hali hiyo liandikwe kwenye cheti ndipo aanze kumsaidia mwanawe, kwani shule ya kwanza ni nyumbani.

Kaa chini mbele yake, uso kwa uso, ucheze na kile akichezacho yeye. Sema maneno machache yaliyo wazi: «kikombe», «maji», «tunakwenda». Mpe uji vijiko viwili, kisha kizuie kijiko cha tatu kidogo, umngoje. Akikutazama, au akigusa mkono wako, au akitoa sauti yoyote, mpe papo hapo huku ukisema «uji», ili ajue kwamba kuwasiliana kuna faida. Picha na ishara hazizuii usemi, bali humsaidia. Wala lugha mbili za nyumbani hazimdhuru. Ratiba ya siku isibadilike ghafla, na ikibidi kubadilika, aonyeshwe kabla. Akilemewa na kelele na kulia, hana utundu wa kuadhibiwa. Mwondoe, umpeleke mahali palipotulia.

Dawa ya kuuondoa usonji haipo, na anayeiuza, iwe ni kombe, mizizi au vidonge, anakula fedha za wenye dhiki. Kilichopo ni mafunzo, mapenzi na watu wa kusaidiana. Kwa hiyo bibi, shangazi na jirani waliozoea kumwambia mama angoje, wakiuona wasiwasi wake safari hii, na wamshikie mtoto mwingine ili apate kwenda kliniki asubuhi ya kesho.