MWENYE KISUKARI, CHUNGA MIGUU YAKO

Watu husema panya huuma huku akipuliza. Kwa mwenye kisukari jambo hili si mzaha. Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam waliandika habari za wagonjwa walioumwa miguu na panya usiku, wasisikie.

Kwa nini hawakusikia? Sukari ikizidi katika damu muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu. Miguu hufa ganzi. Huharibu pia mishipa ya damu, kwa hiyo kidonda hakiponi upesi. Hapa kwetu Singida mwiba unaweza kukuchoma shambani usijue. Vijidudu huingia, kidonda huoza, mwisho mguu hukatwa.

Basi fanya hivi:

1. Kila jioni tazama nyayo na katikati ya vidole. Kama huoni vizuri, mtoto akutazamie.
2. Osha miguu, kisha ikaushe vizuri.
3. Usitembee peku, hata uani. Kung'uta viatu kabla ya kuvaa.
4. Baridi ikija, usiote moto miguuni.
5. Ziba mashimo ya panya.
6. Tumia dawa kama ulivyoagizwa.

Ukiona kidonda, hata kisichouma, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Usingoje maumivu. Huenda yasije kabisa.