Zana za Mbunifu wa Tovuti: Ukiacha Kulipa, Unabaki na Nini?

Mbunifu wa tovuti wa Dar es Salaam hulipwa kwa shilingi, tena kwa misimu: mwezi huu kapata kazi ya shule na ya saluni, miezi miwili inayofuata kimya. Zana zake hudai dola, kila mwezi, tarehe ile ile, mteja awe amelipa au bado anasema "wiki ijayo bosi". Ndiyo maana bei iliyoandikwa kwenye tangazo siipi nafasi ya kwanza. Nauliza kwanza: mwezi ambao kadi haina kitu, kazi zangu za zamani zitafunguka?

Tuanze na Adobe, jina ambalo wengi wetu tulilikuta chuoni au kwenye stesheneri za kuchapa kadi za harusi. Mwaka 2013 kampuni hiyo ilitangaza kwamba matoleo mapya hayatanunuliwa tena mara moja; yatakodishwa. Photoshop peke yake, kwa bei ya Marekani ya 2025, ni dola 22.99 kwa mwezi, na kifurushi cha programu zote ni dola 69.99. Dola tukiifanya shilingi 2,500 ili hesabu iwe nyepesi, Photoshop inakula kama shilingi 690,000 kwa mwaka, na kifurushi kizima kinavuka milioni mbili. Huduma ya kidijitali kutoka nje nayo ina VAT, kwa hiyo angalia kama bei uliyoonyeshwa imeshaijumlisha.

Ila bei si mtego wenyewe. Mtego uko kwenye mpango unaoitwa wa mwaka lakini unalipiwa kidogo kidogo kila mwezi. Mtu akiona dola 22.99 anadhani anaweza kuacha wakati wowote. Zikishapita siku 14, anayevunja mkataba hudaiwa nusu ya miezi iliyobaki. Chukua aliyeacha baada ya miezi 3: imebaki 9, sawa na dola 206.91, na nusu yake ni kama dola 103. Hizo ni zaidi ya shilingi 250,000 kwa programu ambayo haitumii tena. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe, ikidai kuwa ada hiyo haikuwekwa wazi kwa wateja. Anayehariri picha za magazeti kutwa nzima simwambii aache Photoshop. Anayebuni tovuti ya duka la vipuri hana sababu ya kuikodi.

Kazi hiyo sasa iko Figma, na Adobe wenyewe walilijua hilo: Septemba 2022 walitangaza kuinunua kwa dola bilioni 20, na Desemba 2023 wakajitoa kwa sababu ya vikwazo vya wasimamizi wa ushindani Ulaya na Uingereza, wakailipa Figma dola bilioni 1 za kuvunja makubaliano. Mpango wa bure wa Figma unakupa faili 3 za kubuni ndani ya timu, pamoja na rasimu zako binafsi. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake, hizo zinatosha kabisa. Nafasi kamili ya kulipia, tangu bei zilipopanda 2025, ni dola 16 kwa mwezi ukilipia mwaka, au 20 ukilipia mwezi mmoja mmoja. Tofauti ya dola 48 kwa mwaka inashawishi, lakini mimi ningelipa 20 mwezi wenye kazi ya timu, kisha nikaacha. Udhaifu wake ni kwamba faili la .fig ni la Figma. Unaweza kutoa picha, PDF na SVG, ila mpangilio wote wenye vipande vinavyorudiwa na rangi zilizounganishwa haufunguki kwa urahisi mahali pengine.

Penpot, iliyoanzia Hispania kwa kampuni ya Kaleidos, ndiyo jibu la udhaifu huo. Ni huria na ya bure, inajengwa juu ya viwango vya wazi vya wavuti kama SVG na CSS, na mwenye seva anaweza kuiweka kwake mwenyewe. Faili likijaa kurasa nyingi inaanza kulegea kwenye laptopu ya RAM GB 4, na vijana wanaotafuta ajira wajue kwamba matangazo ya kazi yanataja Figma. Kwa kazi zako mwenyewe, hata hivyo, iko mbele kwa kipimo nilichoanza nacho.

Figma na Penpot zina ugonjwa mmoja: zinaishi kwenye intaneti. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na majirani. Siku kama hiyo mwenye Inkscape kwenye mashine yake anaendelea na nembo ya mteja kama kawaida. Inkscape ipo tangu 2003 na haidai senti. GIMP, ya picha, ilitoa toleo la 3.0 Machi 2025, na sasa unaweza kuweka athari kwenye picha kisha ukairekebisha baadaye bila kuharibu picha ya awali. Affinity ya Uingereza, ambayo zamani mtumiaji aliilipia mara moja tu, ilichukuliwa na Canva mwaka 2024 na tangu mwishoni mwa Oktoba 2025 inatolewa bure, isipokuwa vipengele vya akili bandia. Ni nzuri sana. Lakini ni bure ya kampuni, na kampuni ikibadili nia hakuna wa kuizuia; nakala za kazi zako ziweke pia kwa PDF na SVG.

Kuna atakayesema ana Photoshop "ya bure" kwenye flashi, na mandhari ya WordPress ya kulipia aliyopewa na rafiki. Mandhari zilizochakachuliwa ndizo zilizosambaza kirusi cha WP-VCD: ukiipakia, msimbo wake unajipachika kwenye functions.php, unafungua mlango wa nyuma, kisha unahamia mandhari nyingine zilizo kwenye seva hiyo hiyo. Siku moja mteja anafungua tovuti ya shule na kukutana na matangazo ya ajabu. Mandhari ya halali ya dola 60 hulipwa mara moja, nayo iandikwe kwenye ankara ya mteja.

Kuhusu kihariri cha msimbo sina maneno mengi. VS Code ni ya bure, inatosha.

Msukumo wa ubunifu ndio usiokuwa na bei, ingawa wengi wanautafuta Dribbble tu, ambako picha nyingi za kuvutia hazikuwahi kuwa tovuti. Fungua CSS Zen Garden ya Dave Shea, ya 2003: HTML ni ile ile, mavazi ya CSS ndiyo yanabadilika, na msimbo wote unausoma. Kwa rangi, mimi napenda maduka ya kanga ya Mtaa wa Uhuru. Piga picha ya kanga ya kisutu, uchukue nyekundu, nyeusi na nyeupe yake, halafu uzipime kabla ya kumwonyesha mteja. Nyekundu tupu, #FF0000, kwa maandishi juu ya nyeupe inatoa uwiano wa karibu 4 kwa 1, chini ya 4.5 inayotakiwa na mwongozo wa WCAG kwa maandishi ya kawaida. Ikoleze hadi #CC0000 na unapata karibu 5.9. Mama anayesoma bei kwenye simu juani ataona tofauti. Kipimo cha WebAIM ni cha bure, Squoosh ya kupunguza uzito wa picha ni ya bure, na fonti za Google unaweza kuzipakua ukaziweka kwenye seva yako ili ukurasa usisubiri seva ya mbali.

Pesa, basi, iende wapi? Kwenye domeni na mahali pa kuhosti, na iwe ya mteja. Tovuti ya kurasa tano isiyo na duka inakaa GitHub Pages bila malipo, mradi isizidi GB 1. WordPress inahitaji hosti ya kulipia, na hapo usisome bei ya mwaka wa kwanza. Tafuta bei ya kuhuisha, ambayo mara nyingi imepanda sana. Hosti ya nyumbani inaweza kuonekana ghali kidogo, lakini unalipa kwa M-Pesa na unapiga simu ukaongea Kiswahili. Domeni ya .co.tz au .com isajiliwe kwa jina na barua pepe ya mteja, si yako, hata akikuomba umsaidie kila kitu. Na ukikuta ankara ina malipo ya cheti cha SSL kwa tovuti ya saluni, uliza kimetolewa na nani. Kama ni Let's Encrypt, wao hawatozi chochote, na mstari huo ufutwe.