Walioulizwa Wakasema: Takwimu za Ukatili Dhidi ya Watoto na Milango Yetu ya Kilimani

 

Wiki mbili zilizopita tulialikwa chakula cha usiku kwa ndugu yetu mmoja, mwenyeji wa Mombasa, aishiye katika mojawapo ya majumba marefu yaliyosongamana baina ya Barabara ya Ngong na Barabara ya Argwings Kodhek, mtaani Kilimani, Nairobi. Tulipofika baada ya Maghrib, mwanawe wa miaka tisa alikuwa chumbani akisomeshwa Qur'ani na maalimu azungukaye nyumba kwa nyumba. Mlango ulikuwa umefungwa. Hatukuona ajabu, kwani nasi tumesomesha hivyo hivyo miaka mingi.

Tulipokaa kula, mwenyeji wetu akataja kuwa amesikia redioni habari za utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto. Akatuuliza: "Sheikh, hesabu hizi ni za kweli, au ni mambo ya wafadhili? Kwani kwetu sisi yapo haya?"

Usiku ule tulimjibu kwa maneno machache, na jibu letu lilikuwa pungufu. Makala haya ni kulitimiza.

Kilio kilichosikiwa usiku

Wanahistoria wa Kiislamu wamesimulia kwamba Khalifa Umar bin Khattab (R.A.) aliweka diwani, yaani daftari la kuandika watu na posho zao kutoka baitulmali. Kwa watoto, posho ilianza pale mtoto alipoachishwa ziwa. Usiku mmoja, akiwa katika doria yake, alisikia mtoto akilia pasi na kunyamaza. Akamwendea mama na kumuuliza sababu. Mama, asijue anazungumza na nani, akajibu kuwa anamwachisha mtoto kabla ya wakati wake, kwa kuwa Umar hampi posho ila aliyekwisha kuacha ziwa. Inasimuliwa kuwa Alfajiri ile Umar aliswalisha huku akilia, kisha akaamuru kila mtoto aandikiwe posho tangu siku ya kuzaliwa.

Tuzingatie, ndugu zetu. Umar hakusema kuwa mama yule anaisema vibaya serikali, wala hakudai kuwa Madina ni mji wa Mtume na humo mtoto hadhulumiwi. Alisikia, akauliza, akaamini alichoambiwa, kisha akaibadili kanuni aliyoiweka mwenyewe. Utafiti wa taifa nao ni kuuliza kwa namna hiyo, ila huuliza milango mingi kwa pamoja.

Namna walivyoulizwa

Kenya imefanya utafiti huu mara mbili, mwaka 2010 na mwaka 2019. Ule wa kwanza uliongozwa na serikali ikishirikiana na Shirika la Kitaifa la Takwimu, UNICEF, na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani. Vijana karibu 3,000, wake kwa waume, wenye umri wa miaka 13 hadi 24, walihojiwa. Nyumba zilichaguliwa kwa bahati nasibu, na katika kila nyumba alihojiwa kijana mmoja tu, faraghani. Maeneo waliyohojiwa wasichana yalitengwa na yale waliyohojiwa wavulana, ili aliyedhulumiwa na aliyemdhulumu wasije wakaulizwa katika mtaa mmoja. Aliyehitaji msaada alielekezwa pa kuupata.

Tumeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu wako wanaodhani kuwa takwimu hutungwa ofisini. Hizi zimetoka katika vinywa vya vijana wetu, na wengi wao hawakuwahi kuulizwa na mtu yeyote kabla ya siku ile.

Waliyoyasema

Waliokuwa na umri wa miaka 18 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Mwaka 2010, asilimia 32 ya wanawake na asilimia 18 ya wanaume walisema walifanyiwa ukatili wa kijinsia utotoni. Ama kipigo, walikipata asilimia 66 ya wanawake na asilimia 73 ya wanaume.

Mwaka 2019 hesabu zilishuka. Ukatili wa kijinsia ulikuwa takriban asilimia 16 kwa wanawake na asilimia 6 kwa wanaume. Kipigo kilikuwa takriban asilimia 39 na 52. Upungufu huu ni habari njema, nao unatufundisha kuwa ukatili si maumbile ya wanadamu yasiyobadilika. Lakini pale panapobaki wasichana 16 katika kila 100, hapana baba mwenye haki ya kulala akisema yamekwisha.

Na wahalifu ni nani? Sisi huwaonya watoto wetu wamwogope mgeni wa njiani. Vijana wenyewe walitaja zaidi watu wanaowajua, wakiwamo wapenzi na majirani. Katika kipigo walitajwa baba, mama na walimu. Kisha kuna la kusikitisha zaidi: mwaka 2010, katika wale waliofanyiwa ukatili, hakutimia hata mmoja katika kila kumi aliyepata msaada wa kitaalamu.

Kwa wanaouliza iwapo "kwetu" yapo, tuwapeleke Zanzibar, ambako Waislamu ndio wengi. Utafiti wa Tanzania ulifanywa mwaka 2009 na ripoti yake ikatolewa mwaka 2011. Upande wa Zanzibar, takriban asilimia 6 ya wasichana na asilimia 9 ya wavulana walisema walifanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya miaka 18. Hesabu hizo zilikuwa ndogo kuliko za Bara, na tunamshukuru Mola kwa hilo. Ila tuangalie tena: wavulana waliwazidi wasichana. Nasi ni watu wa kumlinda binti na kumwachia mwana wa kiume, tukidhani yeye hana la kuogopewa.

Bakora yetu

Hapa inatubidi tujiseme. Tulilelewa katika chuo cha Qur'ani ambako bakora ilitangulia herufi. Tulipigwa, na tulipokuwa walimu tulipiga. Tulisema ni malezi, tukaegemea hadithi ya kumwamrisha mtoto swala, tukayasahau masharti waliyoyaweka wanavyuoni: asipigwe usoni, asiumizwe, wala mwalimu asiinue mkono kwa hasira. Tukamsahau pia Anas bin Malik (R.A.), aliyemtumikia Mtume (S.A.W.) miaka kumi tangu utotoni, akasimulia kuwa katika muda wote huo hakukemewa kwa alilolifanya wala kwa aliloliacha. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko. Sisi tuliiweka bakora chini, lakini tulichelewa, na wako watu wazima leo ambao tunawaomba radhi kwa kalamu hii.

Ubaya wa bakora hauishii kwenye ngozi. Mtoto aliyezoea kumwogopa mwalimu hatathubutu kumshtaki mwalimu, na aliyepigwa na baba kwa kuvunja gilasi hatamwendea baba huyo na siri iliyo nzito kuliko gilasi.

Takwimu ziingie nyumbani

Serikali ziliutumia utafiti kupanga. Tanzania iliandaa Mpango Kazi wa Taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22, na Kenya ikawa na mpango wake wa mwaka 2019 hadi 2023. Lakini mpango wa wizara haupandi lifti hadi mlangoni mwetu, na kule kijijini kwetu jirani alimwona mtoto anayelia, ilhali hapa Kilimani kuta ni nene na jirani hajulikani jina. Kwa hiyo tunausia haya.

Kwanza, somo la Qur'ani lifanywe sebuleni, au mlango uwe wazi. Maalimu mwema hatachukia, kwani mlango ulio wazi unamhifadhi yeye pia na tuhuma.

Pili, tumkumbuke binti wa kazi tuliyemtoa pwani. Huenda naye ni mtoto, na mama yake ametuamini. Alale penye usalama, awe na njia ya kuzungumza na kwao, na asiachwe peke yake na wageni wa kiume.

Tatu, tuwaulize watoto, wa kike na wa kiume, kisha tusikilize bila kukaripia. Akisema jambo, tumwambie tumemwamini na kwamba kosa si lake.

Nne, likitokea, tusilipeleke barazani kusuluhishwa kwa kuhofia aibu. Simu ya watoto ni 116, nayo haitozwi pesa. Mtoto apelekwe hospitali mara moja, wala zisipite saa 72, kwa kuwa dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI ina muda wake. Hapo jirani, Hurlingham, hospitali ya Nairobi Women's ilianzisha mwaka 2001 kituo cha waliofanyiwa ukatili. Na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta haiko mbali. Kisha polisi wapewe habari, hata mshtakiwa akiwa ni ami au mjomba, na hata akiwa amevaa kilemba kama chetu.

Usiku ule, kabla hatujaaga, mwenyeji wetu aliinuka akaenda akaufungua mlango wa chumba. Maalimu alikuwa akimsahihishia mtoto matamshi ya herufi ya dhadi, kwa upole. Mtoto alituangalia, akaendelea kusoma. Tangu siku ile, tumearifiwa, wanasomea sebuleni.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, atupe masikio ya kuwasikia, na atusamehe tulipokuwa viziwi. Amin.